Neno Halitembei Peke Yake

Wahenga walinena kwamba mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali. Nimeukumbuka usemi huo mara nyingi tangu nistaafu, kila nifunuapo madaftari ya Kiingereza ya wajukuu zangu. Humo nazikuta orodha zilezile tulizokuwa tukizitoa sisi vyuoni: upande wa kushoto neno moja la Kiswahili, upande wa kulia maneno matano au sita ya Kiingereza, na juu yake maelezo ya mwalimu kwamba yote hayo maana yake ni moja. Juzi, mbele ya neno "furahisha", nilikuta "please", "delight", "cheer", "amuse", na mwisho kabisa, kama mzee aliyekaribishwa kwenye ngoma ya vijana, "gladden".

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nasema wazi tangu mwanzo ili msomaji ajue nasimama wapi: kulifundisha neno kwa namna hiyo ni kumdanganya mtoto, na kumcheka baadaye anapolikosea ni dhuluma. Naandika bila ya kujitakasa, kwa maana nimeyatenda yote mawili.

Katika miaka ya tisini nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Ijapokuwa kazi za ofisi zilikuwa nyingi, sikuacha kufundisha. Nilibaki na vipindi vyangu vya Kiingereza, nami nilijivunia kuwapa wanachuo kile nilichokiita maneno mazito. Kila Ijumaa ubao ulijaa. Kijana mmoja, mtoto wa mkulima, alikuwa akiyanakili yote kwa mwandiko mzuri ajabu, na Jumatatu alikuwa ameshayahifadhi. Mwalimu gani asiyempenda mwanafunzi wa namna hiyo?

Alipohitimu, aliomba kazi katika shule moja ya binafsi. Ikatokea kwamba mimi nami nilialikwa kuwa mjumbe wa jopo la kuchambua maombi. Barua yake ilipofikiwa, mmoja wetu aliisoma kwa sauti. Mwishoni kijana aliahidi kwamba akipewa nafasi hiyo atafanya bidii, kisha akaandika: "I promise to gladden the headmaster." Msomaji akairudia sentensi ile kwa sauti ya kuigiza, akiinama kama mtumishi wa sultani. Meza nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka. Barua ikatupwa upande wa zilizokataliwa, wala hakuna aliyefungua vyeti vilivyoambatanishwa. Nilirudi nyumbani nimeshiba chai na sambusa za watu, na usiku ule ndipo nilipokumbuka kwamba neno lile lilitoka ubaoni kwangu.

Sasa na tuulize: kosa la yule kijana lilikuwa nini? Kisarufi hakukosea hata nukta. Mtenda yupo, kitenzi kipo, mtendwa yupo. Kosa lilikuwa katika jamaa za neno. Katika Kiingereza, mwenye kutenda tendo hilo mara nyingi si mtu aliyejipangia kulitenda, bali ni jambo au kitu: habari njema, sura ya mtoto aliyepotea akaonekana, sauti ya rafiki, mvua baada ya kiangazi. Na kinachotendewa mara nyingi ni moyo, au macho. Likimgusa mtu mwenyewe, aghalabu humgusa kwa kauli ya kutendwa, yaani yeye ndiye aliyefurahishwa na habari fulani. Tena ni neno la jukwaani, la mimbarini na la vitabuni, sokoni halisikiki. Mtu anayeahidi kwenda kumtendea bosi wake hivyo husikika kama mtumbuizaji anayeomba kazi ikulu. Je, hayo niliyaandika ubaoni? La hasha. Niliandika neno na maana yake, nikafuta chaki mikononi, nikaenda zangu.

Wala kijana hakuteleza kwa uvivu wa akili. Aliifuata mantiki ya lugha ya mama yake. Sisi tukishasema "furahi", hatuna haja ya kubisha hodi kwa mtu. Tunasema "furahisha", kama tusemavyo "chekesha", "lisha" na "kumbusha". Kiingereza hakina mlango mpana namna hiyo. Kiambishi chao "-en" huchagua wa kuandamana naye: "red" humzaa "redden" na "sad" humzaa "sadden", lakini "green" hana mtoto wa jina hilo. Neno lao la kila siku la furaha, "happy", halina kabisa kitenzi cha namna hiyo. Kile kinachoelekea kufanana nacho, "happen", maana yake ni kutokea, ijapokuwa yote mawili yanatokana na shina moja la kale lenye maana ya bahati. Kwa hiyo Mwingereza katika mazungumzo yake ya kawaida hutumia maneno mawili, la kufanya na la furaha. Hata wafasiri wa Biblia yao ya mwaka 1611, walipofika katika Zaburi ya 104, pale penye divai na moyo wa mwanadamu, waliyaweka hayo mawili, "make" na "glad". Lakini mtoto wa Kiswahili anatafuta neno moja la kulipa kwa neno moja. Anapapasa gizani, na mkono wake unaangukia kwenye "gladden", kwa kuwa ndilo linalofanana zaidi na umbo la "furahisha". Huyo si mjinga. Huyo ni mtu mwenye akili aliyepewa ramani isiyo na njia.

Wapo wakufunzi wenzangu wanaosema dawa ni nyepesi: neno limekufa, tulifute. Hao nao siwaungi mkono. Neno lililozeeka halijafa. Kule Naijeria wenye kuhutubia kwa Kiingereza wanalipenda sana neno hili pamoja na moyo wake, na magazeti yao yanalichapa bila ya kuona haya. Tena ndugu yake wa huzuni, "sadden", ni mzima wa afya. Hakuna salamu za rambirambi za Kiingereza zisizomwita. Ajabu ya walimwengu ni kwamba lugha hiyo imelitunza neno rasmi la msiba, likawa linatumika kila siku, na la furaha ikalipandisha darini. Hilo ni jambo la kuwaeleza wanafunzi, si la kuwaficha. Tukianza kufuta kila neno tusilojua kulifundisha, mbao zetu zitabaki nyeusi.

Wengine watanijibu kwamba Kiingereza ni lugha ya watu, na mwenye kukitaka sharti akifuate kilivyo. Nakubali. Lakini hebu tuitazame mizani yetu. Kiswahili nacho kina neno la tabia hiyohiyo: "konga". Mwimbaji hodari hukonga nyoyo za wasikilizaji. Maji ya mtungini humkonga mtu roho. Ukilitenga na moyo au roho, neno hulegea, na masikio ya wengine yakakimbilia maana nyingine kabisa, ile ya kuzeeka, inayotupatia "mkongwe". Chuoni kwetu alikuwapo mgeni kutoka Ulaya aliyekuja kujitolea kufundisha hisabati. Naye aliliokota neno hilo katika kamusi, akamwendea mpishi wetu na kumwambia kwamba pilau yake imemkonga. Mpishi alicheka, akamshika mkono, akamwambia, "Mwalimu, sema imekukonga roho." Kufikia jioni sifa zilikuwa zimeenea chuo kizima kwamba mgeni yule anajua Kiswahili cha ndani.

Wawili hao walifanya kosa moja. Mmoja alishikwa mkono, akafundishwa, akasifiwa. Mwingine alichekwa bila ya yeye kuwapo, akanyimwa kazi, wala hakuambiwa sababu. Mpishi wetu, ambaye hakupata kukanyaga darasa la ualimu, alikuwa mwalimu bora kuliko watu watano waliokaa kwenye meza ile na shahada zao. Simlaumu mgeni kwa kupokelewa vizuri, ndivyo inavyotakiwa. Ninachouliza ni kwa nini ukarimu huo tunaumaliza kwa wageni, na watoto wetu tunawabakizia kicheko.

Basi nifanyeje, atauliza mwalimu kijana anayesoma kurasa hizi, nami nina darasa la wanafunzi wengi na vipindi vichache? Jibu langu ni fupi. Usiandike neno ubaoni mpaka uwe tayari kuandika mambo matatu pembeni mwake: nani hulitenda, nani hutendewa, na mahali gani husemwa. Kisha toa sentensi mbili kamili, moja inayofaa na moja inayochekesha, mcheke wote pamoja humo darasani, mahali ambapo kicheko hakimnyimi mtu riziki. Utafundisha maneno kumi badala ya hamsini. Heri kumi yenye jamaa zao kuliko hamsini mayatima. Na wewe unayesahihisha, kabla kalamu nyekundu haijashuka, jiulize kosa hilo lilifundishwa na nani.

Yule kijana nilikutana naye tena miaka mingi baadaye katika kituo cha mabasi. Alikuwa ameshakuwa mwalimu wa shule ya msingi, mvi zimeanza kumchungulia. Alinipokea mzigo, akaniamkia kwa adabu zote, akaniambia kwamba daftari la maneno mazito bado analo na kwamba wanafunzi wake nao huyanakili kila Ijumaa. Akanishukuru. Nami nilipokea shukrani hiyo, nikapanda basi, nisiwe na ujasiri wa kumwambia habari za siku ile ya barua.

Namwambia leo. Mwanangu, barua yako haikuwa na aibu; aibu ilikuwa yetu tuliokaa mezani. Ile orodha ichane, au uikalishe chini uipe jamaa zake, neno moja baada ya jingine. Na huko uliko, akitokea mtoto akakuandikia sentensi kama ile yako, mshike mkono.