Sifa za Mizar zimpate pia mwenye winchi

Wapenzi wa habari za bahari wakiigusa Scorpion, nyambizi ya Marekani iliyozama Mei 1968, sifa humwendea John Craven, mwanasayansi wa jeshi la majini aliyepiga hesabu za uwezekano ili kupunguza eneo la kutafuta. Sina ugomvi naye. Lakini mimi ujana wangu uliishia kwenye winchi bandarini Tanga, nikipandisha robota za katani kutoka kwenye matishari, na ninayemwulizia ni yule aliyeishika winchi ya Mizar, meli iliyoiona Scorpion.

Mizar ilikuwa meli ya mizigo. Iliundwa Louisiana na kushushwa majini 1957, bodi lake likiimarishwa kuhimili barafu, kwa sababu ilikusudiwa kupeleka shehena kaskazini kabisa mwa dunia. Kisha, Aprili 1963, nyambizi Thresher ikazama na watu 129 upande wa mashariki wa Massachusetts, kwenye kina cha karibu mita 2,600. Chombo cha kuzamia kiitwacho Trieste kilikwenda kuchungulia, kikaleta kipande cha bomba. Mwaka uliofuata ikapelekwa Mizar, nayo ikarudi na picha za mabaki. Baadaye ikatobolewa tumboni, katikati, pawe na kisima cha kuteremshia vifaa bila kuyumbishwa na mawimbi ya ubavuni. Aliyebuni kisima hicho bila shaka aliwahi kuona mzigo ukibembea.

Mwaka 1966 ilikuwa Palomares, Hispania, ikisaidia kusaka bomu la haidrojeni lililoanguka baharini. Halafu ikaja kazi ya Scorpion, zaidi ya maili 400 kusini-magharibi mwa visiwa vya Azores, kina kikipita mita 3,000.

Hebu mwenye kujua winchi afikiri. Sisi tulipandisha mzigo mita chache tu, mtoa ishara tunamwona kwa macho, na bado robota liligonga ukingo. Wale walikokota fremu ya chuma yenye kamera na taa kwenye waya wa kilomita kadhaa, ikitakiwa kupita mita chache tu juu ya tope. Meli ikiinuka na wimbi, kamera inapanda mbali na kupiga giza. Ikishuka, inajikita chini. Na waya hausimami wima; huinama nyuma ya meli, hivyo kilichopigwa picha hakiko chini ya miguu yako. Ilibidi wafunge vifaa vya kusikiliza milio ya fremu ili wajue hasa imefika wapi. Kisha filamu ipandishwe, isafishwe, watu waitazame picha moja baada ya nyingine: tope, tope, tope. Walifanya hivyo tangu kiangazi mpaka mwisho wa Oktoba, ndipo Scorpion ikaonekana. Watu 99 walikuwa ndani yake. Wataalamu hawajakubaliana mpaka leo kilichoizamisha, lakini ndugu za wafu wanajua mahali.

Miaka miwili baadaye Ufaransa ilipoteza nyambizi yake Eurydice na watu 57 karibu na Saint-Tropez, na ni Mizar iliyoyaona mabaki. Katikati ya hapo ilikuwa imeshaivuta kutoka chini nyambizi ndogo ya utafiti, Alvin, iliyokaa miezi kama kumi kilindini. Chakula cha mchana cha mabaharia kilikutwa humo kikiwa bado kinalika, kwa baridi ya huko.

Najua nitaambiwa Mizar haikutumwa kwa huruma. Ni kweli. Ilitumwa kwa sababu ya mitambo ya nyuklia, mabomu na siri. Wavuvi wangepotea pale Azores, isingeng'oa nanga.

Lakini njia waliyoionyesha watu wa Mizar haina haja ya nyuklia. Meli ya abiria Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011. Miili iliyopatikana ni 203, na tume ya uchunguzi iliwahesabu waliopotea kuwa zaidi ya elfu moja. Kina na mkondo wa Nungwi viliwashinda wapiga mbizi, na mambo yakaishia hapo, kana kwamba baharini hakuna kazi isiyofanywa na mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni. Ilijaza kupita kiasi, tunajua. Hata hivyo meli iliyojazwa huanza kuingiza maji mahali fulani, na chuma hakisahau.

Tukisema hivi tunaambiwa hatuna meli ya utafiti. Wakenya wanayo Mtafiti, waliyopewa na Wabelgiji, ambayo kwao ilianza kama chombo cha marubani wa bandari. Ya kwetu inaweza kuanza kama tishari la pamba au jahazi la chuma la saruji. Sonari ya kukokota siku hizi huingia kwenye boti ndogo, ingawa waya wake nao huinama nyuma kama wa Mizar. Waajiriwe vijana wawili wa bandarini wanaojua winchi, pamoja na mwanafunzi mmoja wa elimu ya bahari, waanzie Nungwi wakati wa matlai, upepo ukitulia.