Namba E siyo gari jipya!

Wadau, siku hizi hapa Bukoba ukimuuliza kijana kuhusu Altezza anayotaka kununua, jibu la kwanza ni "kaka, ni namba E hiyo!" Hapo ndipo tunapopigwa. Ile herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, siyo lilitengenezwa lini. Toyota ilitengeneza Altezza kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata yenye namba E imeshafikisha miaka 20. Unalipia kibao!

Kabla hujatoa pesa, soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, halafu linganisha namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye gari. Nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji. Fika asubuhi injini ikiwa baridi. Ukikuta ameshaipasha moto, jiulize anaficha nini. Moshi wa bluu maana yake inakula oili.

Na usiishie kuzunguka mjini kwenye tambarare. Elekea Muleba, vilima vya njia ile vitakwambia ukweli wa gia, breki na joto la injini. Muuzaji akigoma kutoka nje ya mji, jibu umeshapata.

Au mnasemaje wadau?