Nani Alipewa Maneno? Juu ya Uwakilishi katika Filamu Bubu za Kauboi

Pana kauli iliyokwisha kuzoeleka katika semina zetu za uzamili, nayo ni kwamba filamu bubu za kauboi zilikuwa na watu wa kila jamii kuliko zile zilizofuata, na kwa hiyo ziliwakilisha wanyonge kwa haki zaidi. Ushahidi unaotolewa si wa kubuni. James Young Deer alitengeneza *White Fawn's Devotion* mwaka 1910, kisha akakabidhiwa studio ya Pathé huko California. Lillian St. Cyr, Mwinnebago, aliigiza katika *The Squaw Man* mwaka 1914. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Bill Pickett, kauboi mweusi, akawa ndiye mhusika mkuu wa *The Bull-Dogger*. Ninachokipinga ni hitimisho.

Kosa la wenzangu ni kuhesabu nyuso. Filamu bubu haikuwa bubu kwa kila aliyemo. Ilikuwa na maandishi yaliyopachikwa baina ya picha, na aghalabu ni kwa maandishi hayo mhusika alipata jina, akajibu, akatania, akalaani. Asiyepewa maneno hubaki mhusika bapa hata akilijaza turubai zima. Kwa hiyo suala hili ni letu sisi watu wa fasihi.

Wala hatuna haja ya kwenda Oklahoma kutafuta mfano. Mwaka 1910 Charles Jesse Jones, maarufu kama Buffalo Jones, alikuja nchini mwetu na makauboi wawili, Marshall Loveless na Ambrose Means, ili wawanase wanyama wa mwituni kwa kamba kama wanasavyo ng'ombe kwao. Mwingereza Cherry Kearton akawapiga picha za sinema. Farasi walikuwapo, kamba zilikuwapo, mbuga ilikuwapo. Kenya iligeuzwa Marekani ya Magharibi. Historia ya filamu imewahifadhi Wazungu wote hao kwa majina, na haikumsahau hata simba jike aliyepelekwa New York akiwa hai. Wapagazi ni umati tu.

Mwaka mmoja kabla yake William Selig, mtengenezaji mashuhuri wa filamu za kauboi, aliigiza safari ya Theodore Roosevelt ya Afrika Mashariki ndani ya studio yake Chicago. Mwigizaji alijifanya Roosevelt, simba mzee akapigwa risasi, na weusi wa Chicago wakavishwa kama wapagazi wetu. Ubadilishanaji huo uliwezekana kwa sababu nafasi yenyewe haikumhitaji mtu yeyote mahususi. Nyuso nyeusi zilikuwapo, naam! Zilimwakilisha nani?

Nitajibiwa kwamba baadaye tulipewa sauti. Kule Vugiri, Tanganyika, baina ya 1935 na 1937, Notcutt na Latham walitengeneza filamu 35 zilizoigizwa na Waafrika, maelezo yakitoka kwenye santuri katika lugha zetu. Sauti ilikuwa yetu, lakini ujumbe ulikuwa lipa kodi, weka akiba posta.

Kwetu Asumbi, utotoni mwangu, sinema ilipoonyeshwa kwenye shuka jeupe, jenereta liliimeza sauti yote. Mzee mmoja alikuwa akisimama kando na kuwasemea wahusika kwa Dholuo. Steringi alipewa jina la kijijini, na adui aliyekwisha kuuawa aliruhusiwa kulalamika. Anachokifanya DJ Afro katika vibanda vya video leo hakitofautiani sana na hicho: anayapokonya maneno kutoka kwa waliojigawia.

Ilhali mwanafunzi wangu alipopendekeza kuandika tasnifu juu ya ufafanuzi huo, jopo lililiangusha pendekezo lake, eti Kiswahili kinachochunguzwa si sanifu. Muhula uo huo jopo lilipitisha tasnifu nyingine inayohesabu wahusika weusi katika filamu ambazo mwandishi wake hajaziona. Pendekezo lililokataliwa lingali mezani kwangu, na nitaliwasilisha tena.