Mashine ya TIG: Fundi mdogo atazame mtungi kabla ya bei ya mashine

KWA miaka mingi karakana ya nyuma ya nyumba imejulikana kwa mageti, grili za madirisha na matela ya trekta. Kazi hizo zilitoshelezwa na mashine ya rodi, na bado zinatoshelezwa nayo. Kinachobadilika ni chuma anachokileta mteja mlangoni. Leo analeta chombo cha maziwa kilichopasuka, sinki la hoteli, reli ya ngazi inayong'aa, au tangi dogo la kupozea maziwa ambalo mshono wake umeachia.

Kwenye maziwa ndiko mabadiliko hayo yanakoonekana zaidi. Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004 ndiyo iliyoanzisha Bodi ya Maziwa Tanzania, na tangu hapo suala la usafi wa vyombo limezidi kupewa uzito katika mikoa ya wafugaji kama Tanga, Iringa, Njombe, Arusha na Kilimanjaro. Dumu la plastiki halipendwi kwa sababu moja rahisi: likishakwaruzika ndani, vijidudu hujificha kwenye mikwaruzo na sabuni haivifikii. Vyombo vinavyokubalika ni vya alumini au stenlesi. Navyo hupasuka, na vikipasuka mfugaji humtafuta fundi aliye jirani, si kiwanda.

Hapo ndipo fundi mwenye mtaji mdogo anapoanza kuulizia mashine ya TIG. Madukani mashine za inveta zinazotoka China zimejaa, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja. Nyingi zimeandikwa ampia 200, na bei zake zinapishana kwa kiasi kinachomfanya mtu ajiulize kuna nini ndani.

Ni kweli kwamba rodi za stenlesi zipo, na kwa fremu ya meza au mguu wa tangi zinatosha kabisa. Tatizo liko kwenye bati la milimita moja na nusu ambalo upande wake wa ndani utagusana na maziwa. Rodi hulitoboa kirahisi, na isipolitoboa huacha gamba na vishimo. Kishimo kisichoonekana kwa jicho kinatosha kubakiza maziwa ya jana. Asubuhi mfugaji anamimina maziwa mapya ndani ya chombo alichokiosha vizuri, na kituoni yanakataliwa kwa kuwa yameanza kuchacha. Hasara hiyo ni ya mfugaji, lakini chanzo chake kiko karakana.

TIG ilibuniwa nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940 katika kiwanda cha ndege cha Northrop, kilichotaka kuunga magnesi bila kuiunguza. Ncha ya tangsteni hutoa moto bila yenyewe kuyeyuka, gesi hufunika mahali panapoyeyuka ili hewa isiingie, na fundi huongeza waya kwa mkono wa pili pale tu anapouhitaji. Mshono hutoka safi, bila gamba la kugonga.

Swali la kwanza dukani lisiwe la ampia, bali la aina ya mkondo. Stenlesi na chuma cha kawaida huungwa kwa DC, yaani mkondo mnyoofu. Alumini kwa kawaida huhitaji AC, mkondo geu, kwa sababu juu yake kuna utando unaoyeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 2,000 wakati alumini yenyewe huyeyuka kwenye 660. Bila AC ya kuuvunja utando huo, chuma cha chini huwa maji kabla ya ngozi ya juu kufunguka. Mashine yenye AC na DC kwa pamoja mara nyingi huuzwa maradufu ya ile ya DC peke yake yenye ubora uleule.

Wengi hushawishika kununua hiyo kubwa "isije ikahitajika". Kwa bajeti ndogo huo ni uamuzi mbaya. Fundi ahesabu kazi alizozikataa miezi mitatu iliyopita. Kama kati ya kumi saba zilikuwa za stenlesi, mashine ya DC inamtosha, na tofauti ya bei ndiyo itakayonunua gesi. Aliyezungukwa na wafugaji wanaotumia vyombo vya alumini ana hesabu nyingine. Huyo afadhali asubiri hadi apate fedha ya AC kuliko kununua DC itakayowarudisha wateja walewale.

Kuna njia ya bei nafuu zaidi ambayo wauza duka hawaisemi, pengine kwa kuwa faida yake ni ndogo. Fundi ambaye tayari ana inveta ya rodi ya DC anaweza kununua tochi ya TIG yenye koki ya gesi mkononi na kuianzia hapo. Tochi hufungwa upande wa hasi na ethi upande wa chanya, kinyume cha wengi walivyozoea kwenye rodi. Ncha huguswa kwenye chuma kisha huinuliwa ili moto uwake. Ina kero zake: ncha huchafuka kwa kuguswa mara kwa mara, na moto haupungui taratibu mwishoni, hivyo mshono huacha shimo linaloweza kupasuka. Lakini kwa kujifunzia na kwa reli za ngazi inafaa. Ile mashine ya zamani ya koili inayotoa AC tupu haiwezi kazi hiyo.

Anayenunua mpya atafute inayowasha moto bila kugusa, inayoshusha moto polepole na kuendelea kutoa gesi sekunde kadhaa baada ya moto kuzimika. Kwa unene, makadirio ya mafundi ni ampia 30 hadi 40 kwa kila milimita. Bati la milimita mbili halivuki ampia 80. Kwa hiyo mashine ya kweli ya ampia 160 inazidi mahitaji ya karakana nyingi.

Neno "kweli" lina uzito wake hapo. Plagi ya kawaida ya ampia 13 kwenye umeme wa volti 230 hupitisha takriban wati 3,000. Ukitoa zinazopotea ndani ya mashine, zinazobaki zinatosha kama ampia 100 za rodi, au zisizozidi 150 za TIG. Mashine iliyoandikwa ampia 200 na kufungwa plagi hiyo inadanganya. Aidha, fundi asome kibandiko cha nyuma kinachoonyesha asilimia ya muda wa kufanya kazi. Asilimia 20 kwenye ampia 200 maana yake ni dakika mbili za moto katika kila dakika kumi, na kwenye joto la Dar es Salaam au Tanga hata hizo mbili zinaweza zisifike. Umeme ukishuka jioni, inveta nyingi hukata zenyewe. Zipo zinazovumilia volti ndogo zaidi, na kwa aliye mwisho wa laini, nyongeza ya bei yake inastahili kulipwa.

Hata hivyo, mashine hununuliwa mara moja. Arigoni hununuliwa daima. Mtungi mkubwa hubeba kiasi cha lita 10,000, na TIG hula lita nane hivi kwa dakika. Hizo ni dakika 1,250, yaani saa 20 na kidogo. Kama kuujaza kunamgharimu fundi Sh200,000, kila dakika ya moto inakula Sh160 kabla hajagusa umeme, waya wala jasho lake. Anayetoza kwa kukadiria kama alivyotoza rodi atafanya kazi ya sadaka bila kujua. Mpira unaovuja usiku kucha humaliza mtungi bila mshono hata mmoja, na povu la sabuni kwenye viungo ndiyo bima yake.

Wapo wanaojaribu kukwepa gharama hiyo kwa kabondayoksaidi au gesi mchanganyiko ya mashine za MIG. Haiwezekani, tangsteni huungua papo hapo. Inatakiwa arigoni tupu.

Na kwa chombo cha maziwa gesi hiyo inahitajika pande mbili. Upande wa nyuma wa mshono usipofunikwa kwa arigoni, stenlesi huota ukoko mweusi wenye mashimo, ndani hasa ya chombo, mahali mteja hapaoni. Mshono wa rangi ya dhahabu hafifu ni mzuri. Uliogeuka kijivu na kukwaruza umeshaharibika. Bei ya kazi ya maziwa lazima ihesabu gesi hiyo ya pili.

Arigoni ni nzito kuliko hewa, haina harufu wala rangi, na hutuama chini. Fundi anayeingiza kichwa ndani ya tangi alilotoka kulijaza gesi anaweza kuzirai kabla ya kuhisi chochote.

Kwa fundi wa mjini, mtungi mtupu hubadilishwa siku hiyohiyo. Wa Makete au Lushoto hulipia lori kwenda na kurudi, na hukaa bila kazi mtungi ukiwa njiani. Huyo anahitaji mitungi miwili, ya kununua au ya kukodi, na fedha ya ule wa pili haina budi kutengwa kabla ya kuchagua mashine. Karakana mbili tatu za jirani zikichangia mtungi wa akiba, mzigo huo hupungua, mradi wawe wamekubaliana mapema nani anaandika dakika.