Safari Imo Kiooni, Magari Yake Yako Wapi?

Mwaka wa 2020 mbio za magari za Safari hazikukimbiwa Kenya. Zilikuwa zimepangwa mwezi wa Julai, baada ya kukaa nje ya mashindano ya ubingwa wa dunia tangu zile za 2002, mara ugonjwa wa korona ukafunga njia. Lakini ilipofika Septemba mwaka huo huo Safari ilikimbizwa, tena na maelfu ya watu ambao wengi wao hawajapata kukanyaga Naivasha. Waliikimbiza wakiwa wameketi vitini kwao. Kampuni moja ya Kifaransa iitwayo Kylotonn ilikuwa imetoa mchezo wa video, WRC 9, na ndani yake ikaitia Kenya pamoja na vumbi lake na makorongo yake.

Basi kwa mwaka mzima Safari yetu ilikuwa ni ya kiooni tu. Ile halisi ilirejea Juni 2021, akaitwaa Sébastien Ogier kwa Toyota.

Twayataja haya kwa sababu jambo lenyewe limefika hata nyanda za juu za Gusii, mbali sana na Naivasha na mbali zaidi na sisi wa Pwani. Msomaji akipata safari ya kwenda Kisii mjini, au Nyamira, au Keroka penye mpaka wa kaunti hizo mbili, hatakosa kuvikuta vile vyumba vidogo vyenye televisheni mbili tatu, ambamo vijana hulipa shilingi chache wakacheza hiyo wanayoiita gemu. Mpira ndio mfalme humo, hilo halina ubishi. Lakini mpira ukichosha, watu hugeukia magari. Hapo kijana wa Gusii, ambaye babu yake alikuwa mchuma chai, hushika usukani wa Lancia Delta au Ford Escort ya zamani, akaipeleka kasi kama aliyezaliwa nayo.

Wapo wazee wanaouona mchezo huu kuwa ni upuuzi na upotezaji wa wakati. Sisi hatuafikiani nao, walau si moja kwa moja. Lawama tuliyo nayo ni nyingine, na yatuhusu sisi watu wazima kuliko hao vijana.

Kwanza yafaa ijulikane magari haya ni yapi. Michezo hii hupenda sana magari ya mbio za kustahimili, yaani zile ambazo mshindi si mwenye mwendo mkali peke yake, bali ni yule ambaye gari lake halikufa njiani. Ulaya mbio mashuhuri za namna hiyo ni zile za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Ford GT40 ilizishinda miaka minne mfululizo, 1966 hadi 1969. Mwaka wa 1991 zikachukuliwa na Mazda 787B, gari la kwanza la Kijapani kupata ushindi huo, nalo lilikwenda kiasi cha kilomita 4,900 kwa usiku na mchana mmoja. Mcheza gemu yeyote wa magari ataijua Mazda hiyo kwa rangi zake za machungwa na kijani.

Kilomita 4,900 si haba. Lakini zilikuwa za lami, kuzunguka pale pale. Safari ya enzi zake ilikuwa ni zaidi ya kilomita 5,000 za matope, mawe na mito iliyofurika, tena wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza kushuka. Ilianza mwaka wa 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa jina la kutawazwa kwa malkia wa Uingereza. Jina likaja likabadilika, taabu haikubadilika. Mwaka wa 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi saba. Mwaka wa 1968 yakaondoka 93, yakarudi saba vile vile! Na miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiwa na Peugeot 404.

Sisi wa Pwani twaijua habari hii, kwani kwa miaka mingi mguu mmoja wa Safari uliteremka kwa Voi na milima ya Taita hadi Mombasa. Wa bara nao walikuwa na mguu wao wa magharibi. Na aliyekosa kuona alisikiliza redio. Siku nne za Pasaka Sauti ya Kenya haikuwa na jambo kubwa kuliko hilo, na watoto walijitengenezea magari ya waya na vizibo, wakayaandika nambari ubavuni.

Kuna jambo ambalo wacheza gemu wa leo hawalijui, wala hawakuambiwa. Wajapani walikuja Afrika Mashariki kutafuta jina kabla hawajalipata Ulaya. Datsun 1600 SSS ilishinda Safari ya mwaka wa 1970, mikononi mwa Edgar Herrmann wa Kenya, na mwaka uliofuata akashinda tena kwa Datsun 240Z. Yaani miaka 21 kabla ya Mazda kushinda Le Mans! Kabla ya hapo, mwaka wa 1969, Wajapani walikuwa wamekwisha kutengeneza filamu nzima juu ya kilomita 5,000 za Safari, akiigiza Yujiro Ishihara, nyota wao mkubwa wa siku hizo. Mwaka wa 1973 ikashinda 240Z nyingine ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyefukuzwa kwao mwaka uliotangulia na Idi Amin pamoja na Waasia wenziwe. Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa sawasawa kwa alama, ikabidi watenganishwe kwa kanuni. Huyo Mehta alikuja kushinda mara nne nyingine mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet. Kijana wa leo akiichagua 240Z katika mchezo wa DiRT Rally 2.0, uliotoka mwaka wa 2019, aichagua kwa uzuri wa umbo lake. Hapana wa kumwambia kwamba gari hilo lilipata heshima yake hapa.

Na jirani wa Gusii je? Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka wa 1932, nayo Kericho na Nyamira zimepakana mashamba kwa mashamba. Alikuwa fundi makanika, mwana wa mwenye gereji. Mwaka wa 1965 alishinda kwa Volvo kuukuu iliyokwisha kutumika na wengine, ndugu yake Jaswant akiwa ubavuni akimwelekeza njia, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kati ya Safari 22 alizoingia alizimaliza 19. Hesabu hiyo ya pili kwetu ni kubwa kuliko zile kombe tatu, maana kumaliza ndiko kulikokuwa kugumu. Volvo ile mimi sijapata kuikuta katika mchezo wowote.

Tukiwa katika habari za ustahimilivu, ule mwaka wa 1968 wa magari saba ndio mwaka ambao Naftali Temu, mwana wa Gusii, alishinda mbio za mita 10,000 huko Mexico, akaipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Yeye hakuhitaji petroli.

Lakini gari ambalo Gusii yenyewe ililijua zaidi ni Peugeot 504. Hili nalo lilikuwa gari la Safari: Ove Andersson alishinda nalo mwaka wa 1975, na Jean-Pierre Nicolas mwaka wa 1978. Mshindi wa Pasaka ndiye aliyekuwa mbeba abiria wa Jumatatu. Wakati ambapo basi la kutoka Nairobi lilichukua siku kutwa, 504 ndefu ya nyuma iliwafikisha watu Kisii wakiwa wamebanana, mizigo imefungwa juu, ndizi na kuku vikiwemo. Barabara za huko ni za mlima na udongo mwekundu wenye kuteleza, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Gari lenye springi dhaifu halikudumu miezi mitatu kati ya Nyamira na Chemosit. 504 ilidumu, na ikivunjika, fundi wa njiani aliijua kama aijuavyo nyumba yake.

Na 504 hizo zilitoka wapi? Wengi wa Pwani wanakumbuka. Ziliunganishwa hapa hapa Mombasa, katika kiwanda cha Miritini, na mikono ya wafanyakazi wa hapa. Kwa hiyo historia ya usafiri wa Gusii na historia ya kazi ya Mombasa ni kitu kimoja. Wallahi twashangaa kwamba jambo hili halielezwi shuleni hata kwa mstari mmoja.

Leo nafasi ya 504 imeshikwa na Toyota Probox. Aliyefika Kisii haambiwi: huyaona yakipanda na kushuka na abiria kuliko viti, na gunia juu. Hapa ndipo twapenda kusema na hao vijana wa gemu kwa ukali kidogo. Barabara ya mchezoni imefungwa. Hapana mtoto atokaye shule, hapana bodaboda isiyo na taa, hapana mama mwenye kikapu cha majani ya chai mgongoni. Ukiangusha gari, wabonyeza kitufe waanza upya. Safari ya zamani haikuwa hivyo: ilikimbizwa katika barabara zilizo wazi kwa watu wote, na dereva aliyesifiwa ni yule aliyejua kupunguza mwendo mbele ya kundi la ng'ombe. Joginder hakuzimaliza zile 19 kwa kukanyaga mafuta tu. Dereva wa Probox mwenye abiria tisa katika kona za Keroka, akajidai ni mshindani, hajaielewa Safari wala hajauelewa mchezo.

Sasa turudi kwenye lawama yetu. Ile Datsun 240Z iliyoshinda mwaka wa 1971 ipo hadi leo. Nissan waliirudisha kwao, wakaiweka katika hazina yao ya magari huko Zama, Japani, na mwaka wa 2013 mafundi wao waliitengeneza upya ikawaka na kutembea. Hatuwalaumu, gari ni lao. Wakati huo huo watengenezaji wa michezo, Wafaransa, Waingereza na Wajapani, wameyapima magari haya na kurekodi milio ya injini zao. Hata ule mchezo wa Sega Rally wa katikati ya miaka ya 1990, wenye Celica GT-Four na Lancia Delta, ulianza kwa njia ya vumbi yenye punda milia kando. Kila mtu amechukua chake katika Safari akakihifadhi kwa namna yake.

Sisi tumehifadhi nini? Ukiingia Ngome ya Yesu, Mombasa, utaonyeshwa vitu vilivyotolewa baharini kutoka merikebu ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyozama mwaka wa 1697. Ni jambo jema. Lakini mtoto wa Likoni au wa Nyamira akitaka kuliona kwa macho gari lililobeba baba yake na kushinda dunia, apelekwe wapi? Tunajua ya meli ya adui wa zamani kuliko tunavyojua ya gari lililotoka Miritini.

Tuseme wazi tunachokitaka. Idara ya Makumbusho ya Taifa itafute 504 moja iliyounganishwa Mombasa, moja tu kwa kuanzia, ikiwezekana iliyofanya kazi Gusii, iwekwe mahali ambapo watoto wa shule wataifikia bila ya kiingilio kikubwa. Pili, waliofanya kazi Miritini na mafundi wa Kisii na Keroka waliozitibu gari hizo waandikwe maneno yao wakiwa hai, katika kanda, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii. Hao ni wazee sasa. Kaunti ya Kisii nayo ina wachongaji wa Tabaka, ambao jiwe lao laini limejaza maduka ya watalii kwa vifaru na tembo. Mbona wasiagizwe kuchonga 504 na Volvo ya Joginder? Zingenunuliwa, na mnunuzi angeuliza habari yake.

Na wenye vyumba vya michezo tunawaomba jambo dogo lisilo na gharama: bandikeni ukutani picha za hayo magari na majina ya waliozishinda, Mehta, Joginder, Herrmann, na Bert Shankland wa Tanzania aliyeshinda 1966 na 1967. Kijana anayengoja zamu yake atasoma.

Hilo la 504 lisingoje bajeti ya mwaka ujao. Zilizobaki huonekana nyuma ya gereji, hazina magurudumu, nyasi zimepita madirishani, na wanunuzi wa chuma chakavu hupita kila wiki na mizani yao.