Tusiwaadhibu wanafunzi kwa kupanga sentensi vyema

Katika likizo ya Agosti iliyopita mpwa wangu, ambaye yu katika gredi ya sita, alinijia na karatasi ya jaribio la Kiswahili mkononi. Baada ya shikamoo alinionyesha swali lililotiwa alama ya kosa kwa wino mwekundu, akaniuliza, “Mjomba, hapa nimekosa nini?” Swali lenyewe lilikuwa la aina ambayo kila mwalimu na kila mwanafunzi nchini anaifahamu: sentensi tano zimevurugwa, nawe unatakiwa uzipange ziwe aya moja yenye mtiririko. Nilisoma jibu lake mara ya kwanza, nikalisoma mara ya pili, na nakiri kwamba sikuliona kosa.

Naomba msomaji aniwie radhi nilinakili swali hilo hapa, kwani bila ya kuliona hatutaelewana. Nimebadilisha maneno kidogo nisije nikamwaibisha yeyote, lakini muundo ni ule ule:

(a) Picha aliitambua papo hapo, kwani ilikuwa ya nduguye aliyepotelea baharini.
(b) Akakifungua polepole, mikono ikimtetemeka.
(c) Barua hakuweza kuisoma kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika.
(d) Asubuhi moja Mzee Juma alikuta kisanduku mlangoni pake.
(e) Ndani yake mlikuwa na barua na picha ya kale.

Mwongozo wa kusahihishia ulitaka (d), (b), (e), (a), (c). Mpwa wangu aliandika (d), (b), (e), (c), (a). Kwa kupishana huko kwa sentensi mbili za mwisho, alinyimwa alama zote za swali.

Sina nia ya kulishambulia zoezi lenyewe. Kwa maoni yangu hakuna zoezi bora kuliko hili la kumfunza mtoto kwamba aya si gunia la sentensi. Ninacholalamikia ni namna tunavyolitunga, tunavyolisahihisha na, zaidi ya yote, tunavyokosa kulifundisha. Wengi wetu humpa mwanafunzi sentensi zilizovurugwa, tukamwambia azisome “kwa makini” mpaka aone mtiririko, kana kwamba mtiririko ni mwezi mwandamo ambao mwenye macho makali huuona na mwenye macho dhaifu akaukosa. Ilhali lugha yetu imejaa dalili zilizo wazi, ambazo mwanafunzi anaweza kufundishwa kuzitambua moja baada ya nyingine.

Tuzitazame sentensi zetu. Katika (d) tunaambiwa Mzee Juma “alikuta kisanduku”. Mwandishi hakusema “alikikuta kisanduku”. Kukosekana kwa kiambishi -ki- cha mtendwa kunatujulisha kwamba kisanduku hicho ni kigeni kwetu. Ndiyo mara ya kwanza kutajwa. Angesema “alikikuta”, tungeuliza mara moja: kisanduku kipi? Kwa hivyo (d) inafaa kufungua aya. Sentensi (b), kwa upande wake, haiwezi kuifungua kamwe, kwa sababu mbili zilizo ndani ya neno moja. “Akakifungua” lina -ka-, na -ka- ya masimulizi hudai tendo lililotangulia, aghalabu lenye -li-. Waliolelewa kwa ngano waliijua kabla ya kuingia darasani: msimulizi husema “Paukwa!”, nayo hadhira huitikia “Pakawa!” Neno hilohilo lina -ki-, na hapo pana utajiri ambao Kiingereza hakinao. Mwingereza akisema kwamba mtu alikifungua, aliufungua, aliifungua au alilifungua, hutumia kiwakilishi kimoja tu kwa vitu vyote hivyo, na msomaji abaki akikisia ni kitu gani. Mswahili hana haja ya kukisia. Mlango ungefunguliwa kwa -u-, barua kwa -i-, sanduku kubwa kwa -li-. Katika sentensi zote tano, kitu cha ngeli ya KI-VI ni kimoja tu.

Hii ndiyo sababu huwa nasikitika ninapowaona wanafunzi wakichukulia ngeli kuwa adhabu, orodha ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Ngeli ni uzi wa kushonea sentensi. M.A.K. Halliday na Ruqaiya Hasan walipochapisha mwaka 1976 kitabu chao mashuhuri kuhusu mshikamano wa matini katika Kiingereza, ilibidi watumie kurasa nyingi kueleza jinsi viwakilishi vinavyorejelea mambo yaliyotajwa awali. Mtoto wa Kiswahili huitenda kazi hiyo kila afunguapo kinywa. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwonyesha kwamba anaitenda.

Kuna dalili nyingine ambayo tumeificha kabisa, nayo ni viashiria vyenye -o: huyo, hicho, hiyo, huo. Shuleni tunawafundisha watoto kwamba “huyu” ni wa karibu, “huyo” ni wa mbali kidogo, na “yule” ni wa mbali. Mwalimu husimama mbele ya darasa akanyosha kidole: kalamu hii, kalamu hiyo, kalamu ile. Si uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Katika ukurasa uliochapishwa hakuna kidole cha kunyosha. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1944, alieleza bayana kwamba -o hiyo ni ya marejeo: humrudisha msikilizaji kwa jambo lililokwisha kutajwa. Sentensi inayoanza kwa “Kijana huyo” inakuambia kwamba kijana ametajwa tayari, basi katafute alikotajwa. Mwanafunzi aliyefundishwa “mbali kidogo” pekee huipita dalili hii akidhani ni suala la hatua na mita. Zaidi ya miaka 80 tangu Ashton aandike, bado tunamnyima ufunguo uliomo mfukoni mwake.

Turudi kwa Mzee Juma. Sentensi (a) na (c) zimetanguliza mtendwa: “Picha aliitambua”, “Barua hakuweza kuisoma”. Mpangilio huo wa maneno, pamoja na kile kiambishi -i-, unatuarifu kwamba picha na barua zinajulikana tayari. Kwa hivyo zote mbili sharti zije baada ya (e). Na (e) yenyewe? Sarufi peke yake ingeiruhusu isimame kabla ya (b), maana “ndani yake” linaweza kufuata kisanduku moja kwa moja. Kinachoikataza ni ujuzi wetu wa dunia: Mzee Juma hawezi kuona yaliyomo kabla ya kufungua. Hapo mwanafunzi hutumia akili ya kawaida pamoja na sarufi, na ni vizuri ajue wakati anapotoka katika hii na kuingia katika ile.

Sentensi tano zinaweza kupangwa kwa njia 120. Kwa dalili hizi chache tumeziondoa 118. Zimebaki mbili, na hapo ndipo dalili zinapokwisha. Barua na picha zote ni za ngeli ya I-ZI, hivyo viambishi haviwezi kuamua. Hakuna kiunganishi cha kuifunga (a) kwa (c) wala (c) kwa (a). Hakuna tendo linalodai kutanguliwa na jingine. Mtu anaweza kuanza na picha au na barua, na aya ikabaki na mshikamano kamili. Mtu akisema jibu ni moja, basi ameona kitu ambacho hakimo katika maandishi.

Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini aliitanguliza barua. Alinijibu bila ya kusita: “Nilitaka habari ya ndugu ije mwisho, mjomba, ndiyo ya kuhuzunisha.” Naomba walimu wenzangu walitafakari jibu hilo. Mtoto huyu alizitambua dalili zote, akafika mahali lugha inapomwachia mwandishi hiari, akachagua kama mwandishi anavyochagua. Nasi tukampa sufuri.

Tabia hii ina historia yake. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, ulituzoesha wote majibu manne, A hadi D, ambayo moja tu ni sahihi. Katika zoezi la kupanga sentensi, majibu manne huleta udhaifu wa aina yake. Wanafunzi hufundishana mbinu: usisome sentensi zote, tafuta tu ile ya kufungulia, kisha utazame ni jibu lipi linaanza na herufi hiyo. Mara nyingi hubaki jibu moja, au mawili. Mwanafunzi amepata alama bila ya kupanga chochote. Huyu anatuzwa, na yule aliyesoma, akafikiri na kuchagua anaadhibiwa. Mtihani wa KCPE umeondoka. Mazoea yake, kwa kadiri nionavyo katika karatasi za majaribio zinazouzwa shuleni pamoja na miongozo yake, yamebaki.

Matokeo yake tunayavuna chuo kikuu. Kila mwaka hupokea insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza zilizopambwa kwa “fauka ya hayo”, “aidha”, “isitoshe” na “kwa upande mwingine”, kama maua ya plastiki juu ya meza. Viunganishi hivyo wameambiwa vinaongeza alama. “Fauka ya hayo” hutokea mahali ambapo hakuna “hayo” yaliyotangulia, na “kwa upande mwingine” ikafuatwa na upande ule ule. Miaka kadhaa iliyopita nilianza kuwaletea makasi darasani. Kila mwanafunzi hukata aya yake mwenyewe, sentensi moja moja, akazichanganya na kumpa jirani azipange upya. Jirani akizirudisha zilivyokuwa, au kwa mpangilio mwingine anaoweza kuutetea, aya ina mshikamano. Jirani akishindwa kujua aanzie wapi, mwandishi hahitaji maelezo yangu. Wako walionuna. Siku moja msichana mmoja aliomba kukata aya kutoka makala yangu mwenyewe niliyokuwa nimewapa wasome. Darasa likaipanga kwa njia nne, na zote zikasomeka sawasawa. Nilicheka pamoja nao, ingawa si kwa moyo wote. Aya ile ilikuwa ya utangulizi, nami nilikuwa nimesema jambo lile lile mara sita kwa maneno tofauti.

Nisije nikaeleweka kwamba kila mpangilio ni sawa. La hasha! Mwanafunzi akianza na “Akakifungua polepole”, amekosa, na anastahili kuelezwa amekosa kwa sababu ya -ka- na -ki-. Ninachodai ni kwamba mtungaji wa swali abebe mzigo wake. Kabla ya kulipeleka swali darasani, awape walimu wenzake wawili au watatu walijibu bila ya mwongozo. Wakitofautiana, kasoro ni ya swali. Kulirekebisha ni kazi ya dakika moja: angeandika katika (c) “Lakini barua hakuweza kuisoma”, neno hilo moja lingeifunga sentensi hiyo baada ya picha, na jibu lingekuwa moja kweli kweli. Afadhali zaidi, swali limtake mwanafunzi ataje neno lililomwongoza katika kila hatua, na alama zitolewe kwa sababu pamoja na mpangilio. Najua nitaambiwa kwamba mwalimu mwenye wanafunzi 60 hana wakati wa kusoma sababu za kila mmoja. Ni kweli, na siudharau uzito wake. Lakini swali moja la namna hiyo kwa muhula si mzigo usiobebeka, na linafundisha zaidi ya maswali kumi ya kukisia.

Muhula ulipofunguliwa nilimwona mwalimu wa mpwa wangu. Si mtu wa kiburi hata kidogo. Alizisoma sentensi kwa sauti, kwanza kwa mpangilio wa mwongozo, kisha kwa ule wa mtoto, akanyamaza kidogo, akasema, “Daktari, huu wa pili ni mzuri kuliko wetu.” Alama hazikurudishwa, kwa kuwa matokeo yalikuwa yamekwisha kuingizwa na kutumwa kwa wazazi. Hata hivyo aliahidi kuongeza “Lakini” katika sentensi (c) kabla ya kulitumia swali hilo tena. Nilimpelekea mpwa wangu habari hiyo nikidhani atafurahi. Alinikunjia uso. Anasema sasa hadithi imeharibika, inaishia kwenye miwani.