Nyota mbili zinazomeza makosa

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na leo sirudi na habari tamu. Narudi na hasira. Nimekuwa nikipitia msimbo wa Python wa vijana ninaofanya nao kazi, na karibu kila fanksheni ina mkia huu: **kwargs. Nikiuliza ni wa nini, jibu ni lile lile: "Ili iwe rahisi kuongeza vitu baadaye."

Mimi nasema hilo ni deni, na atakayelilipa si wewe uliyelikopa.

Kwa wageni wa Python, tuelewane kwanza. Fanksheni ni kipande cha programu chenye jina, unachokiita kikufanyie kazi. Vigezo ni vitu unavyokipa ili kifanye kazi hiyo. Kigezo kinaweza kuwa cha hiari ukikiwekea chaguo-msingi. Ukitia nyota moja mbele ya jina lake, fanksheni itapokea vitu vingi upendavyo. Ukitia nyota mbili, itapokea vigezo vyenye majina yoyote yale, hata ambayo mwandishi hakuyawazia, na kuvihifadhi katika kamusi. Hizo nyota mbili ndizo ugomvi wangu.

Acha niwaeleze zilivyonitia adabu. Miaka kadhaa iliyopita niliiandikia shule moja ya bweni programu ya kuwatumia wazazi arafa za salio la karo. Kiini chake kilikuwa hiki:

    def tuma_arafa(namba, ujumbe, **mengine):
        jaribio = mengine.get("jaribio", False)
        if jaribio:
            print(namba, ujumbe)
        else:
            peleka(namba, ujumbe)

Ukiweka jaribio=True, arafa inaonekana kwenye skrini yako tu, haiendi popote. Ijumaa moja usiku nikataka kuijaribu kwa orodha halisi ya namba za wazazi, lakini kwa salio la kubuni: shilingi 99,999 kwa kila mtoto. Nikaandika:

    tuma_arafa(namba, ujumbe, jaribo=True)

Umeona? Herufi moja imedondoka. Python haikusema kitu. Nyota mbili zikaipokea "jaribo" kwa taadhima, zikaitia kwenye kamusi, na hakuna aliyeitazama tena. Msimbo ukatafuta "jaribio", haukuipata, ukachukua False. Arafa 612 zikaondoka.

Jumatatu asubuhi palikuwa na foleni langoni. Mama mmoja alikuja na mfuko wa risiti zote tangu mwanawe aingie kidato cha kwanza, ameukumbatia kama mtu anayekwenda mahakamani. Karo alikuwa ameimaliza. Tangu Ijumaa hakuwa amepata usingizi. Na aliyetukanwa siku hiyo ni mhasibu, si mimi niliyeandika programu.

Kosa lilikuwa langu, sikatai. Sikupaswa kujaribu kwa namba halisi. Lakini binadamu hukosea herufi kila siku, na fanksheni nzuri ni ile inayokataa mapema. Laiti ningeandika jaribio=False waziwazi ndani ya mabano, Python ingesimama papo hapo na TypeError, ikitaja jina isilolijua. Toleo la 3.13, lililotoka mwaka 2024, linaweza hata kukudokezea jina ulilokusudia. Kinga hiyo yote niliitupa mwenyewe kwa nyota mbili.

kwargs ni kama mhudumu wa kibanda anayeitikia "sawa" kwa kila jambo. Mwambie "bila pilipili", sawa. "Bila chumvi", sawa. "Bila umeme", sawa! Utajua kwamba hakusikia neno hata moja sahani ikishafika mezani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hawakuwa na tarakilishi.

Sasa tufanyeje? Hivi:

    def tuma_arafa(namba, ujumbe, *, jaribio=True):

Tazama mambo matatu. Kwanza, kila kigezo kimetajwa, kwa hiyo jina lililokosewa halina pa kujificha. Pili, iko ile nyota pekee, ambayo tumekuwa nayo tangu Python 3.0 ya mwaka 2008. Maana yake ni kwamba vigezo vinavyoifuata lazima viitwe kwa majina. Huwezi kuandika tuma_arafa(namba, ujumbe, False) ukamwacha msomaji akijiuliza hiyo False ni ya nini. Tatu, chaguo-msingi ni lile lisilomdhuru mtu. Anayetaka arafa ziende kweli, aandike jaribio=False kwa mkono wake.

Tahadhari moja: Python hukokotoa chaguo-msingi mara moja tu, fanksheni inapoundwa, wala si kila inapoitwa. Ukiandika saa=datetime.now(), arafa zote za siku nzima zitabeba saa ile ile ya programu kuwashwa. Ukiandika orodha=[] kisha ukaongeza majina humo, kila mwito utatumia orodha hiyo moja, na majina ya mwito uliopita utayakuta kwenye unaofuata. Weka None, halafu ujaze thamani halisi ndani ya fanksheni.

Najua watakaonijia juu. "Mbona print hupokea vitu vingi?" Ndiyo, kwa sababu vyote hivyo inavifanyia jambo moja: kuviandika. Hiyo ni nyota moja, na hapo sina neno. Lakini jaribu kuandika print(1, 2, sepp="-") badala ya sep. Itakukatalia! Hata print haimezi jina isilolijua.

"Na fanksheni inayofunika nyingine, isiyojua vigezo vya mwenzake?" Hapo nyota mbili ni halali. Hiyo ni kama boda boda: hafungui mzigo, anaufikisha tu, na mwenye mzigo ataukagua mlangoni. Sharti ni moja, huko mlangoni awepo mtu wa kukagua.

"Lakini tangu toleo la 3.12 la mwaka 2023 tunaweza kutangaza majina na aina za vilivyomo ndani ya kwargs." Kweli, na zana za ukaguzi zitakushukuru. Ila programu ikishaanza kukimbia, Python yenyewe bado itameza kila kitu. Na ikiwa majina tayari unayajua, kinachokuzuia kuyaandika ndani ya mabano ni nini? Uvivu tu.

Hoja ya "kuongeza baadaye" ndiyo dhaifu kuliko zote. Ukitaka kigezo kipya kesho, kiongeze baada ya ile nyota pekee, ukipe chaguo-msingi, na wote wanaoita fanksheni hiyo kwa njia ya zamani wataendelea bila kuguswa.

Basi siku nyingine vidole vikikuwasha kuandika nyota mbili, jiulize swali moja tu: jina likikosewa, nani atajua kwanza, Python au mama yule langoni?